Kazi Anayoitaka Mgonjwa

Karibu na mwaka 1990, katika mji mdogo wa Lebanon, jimboni New Hampshire, Marekani, kituo kimoja cha afya ya akili kilichukua hatua iliyowatia wengi wasiwasi. Kilifunga huduma yake ya kutwa, ile ambayo watu wenye skizofrenia na maradhi mengine mazito ya akili walikuwa wakiijia mchana kukaa katika vikundi na kufundishwa stadi za maisha. Mahali pake ikaja huduma ya ajira. Wafanyakazi wake wakatoka kwenda madukani, hotelini na maofisini kuwatafutia wagonjwa kazi za mshahara.

Wasiwasi ule ulikuwa na msingi wake. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba kazi huleta msongo, na msongo huamsha ugonjwa. Kumtoa mtu katika kituo na kumpeleka moja kwa moja kwa mwajiri kulionekana kama kumtakia mabaya. Watafiti wa Chuo cha Dartmouth, miongoni mwao daktari wa akili Robert Drake na mtaalamu wa utengamao Deborah Becker, wakafuatilia yaliyotokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba walioajiriwa katika kazi za kawaida waliongezeka, na yale yaliyoogopwa, yaani kulazwa, kufungwa jela, kujaribu kujiua na kukosa makazi, hayakuongezeka. Walikuwapo wachache waliosikitika kwamba wamepoteza mahali pa kukutana na wenzao, na masikitiko yao hayastahili kupuuzwa, kwa maana upweke nao ni sehemu ya ugonjwa huu.

Kwa nini hatua ile ionekane ya ajabu, ilhali kazi na matibabu ya akili vimekwenda pamoja tangu zamani? Mwaka 1790 mjane mmoja wa dhehebu la Quaker, Hannah Mills, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya York, Uingereza, baada ya waumini wenzake kukataliwa kumwona. Kifo chake kilimsukuma mfanyabiashara William Tuke kuanzisha nyumba nyingine, The Retreat, iliyofunguliwa mwaka 1796. Humo minyororo haikutumika. Mgonjwa aliheshimiwa, akapewa bustani ya kulima au nguo ya kushona, kwa imani kwamba mikono ikipata shughuli, akili nayo hutulia.

Wazo hilo lilisambaa, na liliposambaa likaharibika. Hospitali kubwa za karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, zilikuwa na mashamba, mazizi, jiko na mahali pa kufulia, na waliofanya kazi humo kwa sehemu kubwa walikuwa wagonjwa wenyewe bila malipo. Ikawa vigumu kujua kama mtu anafua mashuka kwa kuwa kunamponya au kwa kuwa mashuka lazima yafuliwe. Mchapakazi mzuri alikuwa na thamani kwa hospitali, na thamani hiyo yenyewe ingeweza kuwa sababu ya kutomruhusu kwenda nyumbani.

Desturi hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na wamisionari na serikali za kikoloni. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kilimo na kazi za mikono vikawa sehemu ya tiba. Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu njia yenye utu zaidi: vijiji vya kilimo, kama kile cha Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa aliyepata nafuu aliishi na kulima kabla ya kurudi kwao. Kwa nchi ya wakulima, lilikuwa wazo lenye akili. Hata hivyo jembe lilikuwa limeshachaguliwa kabla mgonjwa hajafika.

Nchini Marekani suala la malipo lilifika mahakamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wagonjwa wanaofanya kazi hospitalini wanalindwa na sheria ya kima cha chini cha mshahara. Ulikuwa uamuzi wa haki uliozaa tunda chungu: hospitali nyingi, badala ya kulipa, zilifuta kazi zote. Watu waliokuwa wakitumikishwa bure sasa wakaachwa wakae vitini siku nzima.

Trieste, Italia, walipita njia nyingine. Mwaka 1972 daktari Franco Basaglia aliwaunga mkono wagonjwa waliokuwa wakisafisha hospitali kuunda chama cha ushirika. Kazi ikabaki ileile ya kufagia na kupiga deki, lakini sasa ilikuwa na mkataba na ujira. Miaka 6 baadaye Italia ilipitisha Sheria namba 180, iliyoanza kuzifunga hospitali za wagonjwa wa akili taratibu.

New York, wagonjwa wenyewe ndio waliotangulia. Kikundi cha waliotoka katika hospitali ya Rockland kilikuwa kikikutana katika miaka ya 1940, na mwaka 1948 kikazaa Fountain House, nyumba ambayo anayeingia huitwa mwanachama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nyumba hiyo ilibuni ajira ya mpito: nafasi ya kazi inashikwa na nyumba, mwanachama anaitumikia kwa miezi kadhaa, kisha anampisha mwenzake. Asipofika, mfanyakazi wa nyumba anakwenda badala yake, na mwajiri hapati hasara. Uingereza nako, mjini Bristol, Dakta Donal Early alianzisha mwaka 1960 shirika lililowapa wagonjwa wa hospitali ya Glenside kazi za kiwandani zenye malipo.

Zote hizi zilikuwa ngazi za kupanda hadi kazi ya kawaida, na watu wengi walibaki kwenye kipago cha kwanza. Mafunzo yalifuatwa na mafunzo mengine, na karakana maalumu ikawa makazi ya kudumu. Drake na Becker waliigeuza ngazi hiyo katika utaratibu ambao dunia inaujua kwa herufi IPS. Kila anayesema anataka kazi anapokelewa, hata kama bado anasikia sauti. Anaulizwa anataka kazi gani. Utafutaji unaanza ndani ya takriban mwezi mmoja, na mafunzo yanakuja akiwa kazini. Mshauri wa ajira anakaa meza moja na daktari na muuguzi, hahudumii zaidi ya watu 20 hivi, na anaonana na waajiri ana kwa ana. Mgonjwa ndiye anayeamua mwajiri aambiwe nini kuhusu ugonjwa wake. Anaelezwa pia mapema kazi itagusaje posho yake ya serikali, kwa kuwa hofu ya kuipoteza imewazuia wengi. Msaada hauna tarehe ya mwisho.

Ushahidi ulikuja haraka. Mjini Washington, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi maskini, asilimia 61 ya waliopata IPS waliingia kazi za kawaida, wakati katika huduma za mtindo wa zamani walikuwa asilimia 9. Ulaya ikafuata mwaka 2007 kwa wagonjwa 312 katika miji 6, ikiwamo London, Zurich na Sofia: asilimia 55 dhidi ya 28. Katika utafiti huo huo, waliolazwa tena walikuwa asilimia 20 upande wa IPS na 31 upande wa pili. Hofu ya Lebanon ilikuwa imejibiwa. Mwaka 2019 huduma ya afya ya Uingereza ikaweka lengo la kuwafikia watu 55,000 kwa mwaka.

Utaratibu huu una mipaka yake. Utafiti wa Ulaya wenyewe ulionyesha kwamba hali ya ajira katika eneo hubadilisha matokeo. Mshauri hodari hawezi kuumba nafasi zisizokuwapo. Na kwetu, ambako wengi hujitafutia riziki kwa genge, bodaboda au shamba, mwajiri wa kubishiwa hodi mara nyingi hayupo. Shirika la BasicNeeds, lililoanzishwa mwaka 2000 na kufanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, liliunganisha matibabu na shughuli za kipato kupitia vikundi vya wagonjwa na walezi wao. Hapo swali la mtu anataka kazi gani linaweza kujibiwa kwa mtaji mdogo badala ya barua ya maombi.

Lakini waajiri wapo pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na ulemavu wa akili umo. Viwanda, benki na hoteli zinazoguswa na sheria hiyo zimejaa mijini, si mbali na kliniki ambako mgonjwa hupewa dawa na tarehe ya kurudi. Mtu wa kumuuliza angependa kazi gani, kisha kwenda naye hadi kwa meneja, anaweza kuajiriwa na kliniki hiyo hiyo.