Walijiita Jina la Wakali, Wakauza Santuri Mbele ya Nyumba

Kuna familia mbili zenye asili ya Mississippi, kusini mwa Marekani, na majina ya bendi zao yanakaribia kufanana. Moja ilitoboa mpaka dunia ikaijua. Nyingine iliuza santuri zake mkono kwa mkono, pale pale mbele ya nyumba. Leo tuongee hiyo ya pili, maana ya kwanza ishaongelewa sana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye mji mdogo wa Aberdeen, dada mmoja na kaka zake walianza kuimba injili. Walikuwa bado watoto wa shule. Wakajiita The Staples Jr. Singers. Undugu na The Staple Singers, kundi la mzee Pops Staples na binti yake Mavis, hawakuwa nao hata chembe. Waliwahusudu tu, wakaazima jina.

Na zama zenyewe hazikuwa za mchezo. Oktoba 1969 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru shule za Mississippi ziache mara moja kuwatenga watoto weusi na weupe. Karatasi ilibadilika haraka, mtaani mambo yalienda polepole. Ndo hapo watoto hawa walipokuwa wanazunguka makanisani na magitaa yao, wanaimba injili lakini mdundo ni soul mtupu.

Mwaka 1975 wakatoa albamu, When Do We Get Paid. Yaani, tutalipwa lini? Hakuna lebo kubwa, hakuna wa kuisambaza. Zikachapwa nakala chache, majirani wakanunua, basi.

Sasa angalia hii: mwaka huo huo wa 1975, The Staple Singers walishika namba 1 Marekani na Let's Do It Again, wimbo wa mapenzi uliotoka kwenye filamu. Tofauti ilikuwa wapi? Sio sauti peke yake. Mzee Pops alishahamia Chicago tangu miaka ya 1930, na huko kulikuwa na redio, studio na wenye lebo. Halafu kundi lake lilikubali kutoka nje ya nyimbo za kanisa. Wale wa Aberdeen walibaki kwao, na wakabaki na injili yao.

Maisha yakaendelea. Yule dada akaolewa na mpiga gitaa, wakaanzisha bendi nyingine na watoto wao, na akafungua duka la nguo.

Mwaka 2019 lebo ya Luaka Bop, iliyoanzishwa na David Byrne, ikaweka wimbo wao mmoja kwenye mkusanyiko wa injili yenye soul. 2022 albamu nzima ikatoka upya, miaka 47 baadaye. 2024 wakatoa nyingine mpya, wakiwa watu wazima wenye wajukuu.

Hela za namba 1 hawakuziona, na ule ujana haurudi. Lakini miaka yote hiyo hawakuacha kuimba.

Sasa wewe mdau, ungekuwa wao, ungehamia Chicago au ungebaki Aberdeen?