Kabla ya Mfalme Kulikuwa na Jembe

Nianze na ubishi wa kijiweni, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Jamaa mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikuwa anatusimulia China ya kale: wafalme, vyombo vya shaba, maandishi. Akamaliza kwa kuuliza, "Sasa sisi huku Ruvuma tulikuwa na nini?" Mwingine akadakia, "Tulikuwa na mikuki ya Wangoni!" Watu wakacheka, ubishi ukaisha. Mimi haukuniishia. Baba yangu ni Mngoni, lakini mama yangu ni Mmatengo wa Mbinga.

Kwanza, hiyo China yenyewe haikuanza na wafalme. Utawala wa Shang ulianza kama mwaka 1600 K.K. Lakini zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, kaskazini, katika bonde la Huang He, yaani Mto Manjano, watu walikuwa tayari wanalima nafaka ndogo ndogo mfano wa ulezi wetu. Kusini, bonde la Yangtze, wenzao walilima mpunga. Kijiji cha Banpo, karibu na Xi'an, kilichofukuliwa miaka ya 1950, kina umri wa zaidi ya miaka 6,000. Kilikuwa na nyumba, mashimo ya kuhifadhia chakula na tanuri za kuchomea vyungu. Jina la mfalme, hakuna. Hata yale maandishi ya Shang yaliyochongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, ambayo wasomi waliyatambua mwaka 1899, mengi ni maswali ya mkulima: mvua itanyesha? Tutavuna? Mfalme naye roho ilikuwa shambani.

Sasa panda gari hapa Songea uende Mbinga, kilometa kama 100 tu. Ukifika milimani utaona miteremko imejaa vishimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Mvua zikikaribia kuisha, kama mwezi Machi, wanaume hufyeka majani, yakikauka huyapanga kwa mistari inayokatana, yanatokea miraba. Halafu wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji yanatulia kwenye vishimo, hayateremki na udongo. Majani yakioza, yanakuwa mbolea.

Utaalamu huu ulishika mizizi wakati wa shida. Wangoni, waliotoka Afrika Kusini na kuvuka Zambezi mwaka 1835, walifika huku katikati ya karne ya 19. Wamatengo wakaikimbia mikuki, wakajibana milimani. Watu wengi, ardhi ndogo, tena mteremko mkali. Hapakuwa na pa kuhamia shamba likichoka. Udongo ukiporomoka, mmekufa njaa. Yaani babu zangu wa upande mmoja ndio waliowabana babu zangu wa upande wa pili mpaka wakawa mafundi wa udongo!

Sisemi Umatengo ulikuwa na miji kama ya Shang. Haukuwa nayo, wala maandishi. Lakini mtihani wa kwanza wa ustaarabu wowote ni kulisha watu wengi mahali pamoja, mwaka hadi mwaka. Kwenye mtihani huo China nayo ilitoka jasho: Mto Manjano umepewa jina hilo kwa sababu ya udongo unaoubeba, na kilimo cha karne nyingi kiliuzidishia mzigo huo, mafuriko yakaua watu wasiohesabika. Wamatengo udongo wao waliuzuia papo hapo mlimani.

Kila tarehe 27 Februari hapa Songea tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Ni haki yao. Ila historia yetu isiishie kwenye mkuki. Vijana wenzangu mnaoandika, nendeni mkawaulize bibi zenu wangali hai. Mimi nilimwuliza wangu nani aligundua ngoro. Akaweka jembe chini, akanishangaa: "Mjukuu wangu, kwani kuna aliyegundua njaa?"