Miji ya Madini na Mwaka wa 1886

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa Tanzania Bara kabla ya 1886. Kilwa, Bagamoyo na Pangani zina cha kujivunia hapo. Shinyanga na Geita zimeachwa mbali, kwani dhahabu ya Geita ilianza kujulikana kwa Wajerumani mwaka 1898, na almasi ya Mwadui ikapatikana mwaka 1940. Kila karakana, hospitali na nyumba ya mfanyakazi iliyojengwa kwa ajili ya madini katika ukanda huu ilichelewa kuzaliwa. Waziri ana mamlaka ya kulitangaza jengo la baadaye kuwa urithi, akachapisha tangazo lake katika Gazeti la Serikali. Lakini lazima kwanza pawe na watu wanaoliombea.

Mwadui, wilayani Kishapu, ingestahili kuombewa. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliupata mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Akajenga mji mzima nyikani: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, kiwanja cha ndege, na uzio kuuzunguka, mtu asiingie bila ruhusa. Mwaka 1947 pakatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, nalo likakatwa hadi likabaki na karati 23 na ushee. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ukauzwa nusu kwa nusu kwa serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers. Baadaye ukawa wa umma, kisha De Beers wakarejea miaka ya 1990, na mwishoni mwa muongo uliofuata ukaingia mikononi mwa Petra Diamonds, serikali ikibaki na hisa zake.

Jiwe lile liko Uingereza, na vitabu vya vito havichoki kulitaja. Mitaa ya Mwadui haitajwi popote, ingawa ndiko vizazi vya Wasukuma na wageni kutoka kila pembe ya nchi walikojifunza kazi ya mashine, walikozaa, walikosomesha na walikozikwa. Hiyo ndiyo historia ya viwanda ya Tanzania, na kuiacha ipotee kwa sababu ni ya juzi ni kosa.

Hata hivyo, anayetaka kulizungumza hilo na wanakijiji wa jirani ajiandae kusikiliza kwanza. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi zilibomoka, tope likafunika mashamba na makazi. Aliyepoteza nyumba yake kwa namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini kuta za mwajiri zitunzwe wakati za kwake zimefukiwa.

Geita swali hilo linakuja kwa sura nyingine. Mgodi wa kwanza ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Kisha miaka zaidi ya thelathini ya kimya, hadi Geita Gold Mine ilipoanza uzalishaji mwaka 2000. Katikati ya vipindi hivyo watu walijenga, walilima, walirithishana viwanja. Leseni mpya ilipokuja na vigingi vyake, wengine walijikuta ndani ya mpaka wa mgodi. Wakazi wa Katoma, Compound na Nyamalembo wamelalamika miaka mingi kwamba milipuko ya baruti inazipasua nyumba zao, na walio ndani ya vigingi wanasema hawaruhusiwi kuendeleza maeneo yao. Suala hilo limefika hadi bungeni. Katika mitaa hiyo, jengo la zamani ni lile ambalo mwenyewe amezuiwa kulibomoa na kujenga bora, na neno uhifadhi masikioni mwake linafanana sana na katazo.

Fedha za kubadilisha hali hiyo zipo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa miaka mingi mgodi wa Geita ulilipa kiwango maalumu cha dola 200,000 kwa mwaka, kufuatana na mkataba wake na serikali. Malipo ya asilimia 0.3 yakaanza mwaka 2014. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yakaongeza sharti kwamba mpango wa kampuni wa kuhudumia jamii ukubaliwe na halmashauri. Madarasa, zahanati na barabara zimejengwa, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema hazikustahili kujengwa. Kasoro ni kwamba hesabu hizo hazina fungu la kukarabati kilichopo. Diwani hupigiwa makofi kwa jengo jipya. Paa la zamani lililoezuliwa na kuezekwa upya halizinduliwi na mtu.

Kodi ya majengo nayo haisaidii. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU, anayenunua umeme ndiye anayelipa kwanza. Tangu 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 1,500 kwa mwezi, ya ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Uzuri wake ni kwamba kodi haimfukuzi bibi mjane katika nyumba ya marehemu mumewe. Udhaifu wake ni kwamba aliyetunza nyumba ya kale na aliyeibomoa akapanga fremu za maduka wanalipa sawasawa, na fremu zinaleta pango kila mwezi. Shinyanga mjini, iliyokua na reli ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua hatima ya maduka ya zamani, hasa sasa reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza inapojengwa na bei ya viwanja kuangaliwa upya.

De Beers wenyewe wanajua njia mojawapo ya kuyatunza majengo ya mgodi. Kule Kimberley, Afrika Kusini, shimo lao lililofungwa mwaka 1914 limekuwa makumbusho, pamoja na mtaa wa nyumba za wachimbaji. Karibu zaidi kuna Buzwagi, Kahama: mgodi ulioanza 2009 ukasitisha uzalishaji 2021, na eneo lake likatengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi ili majengo yapate kazi nyingine. Buzwagi ilifikiriwa kabla milango haijafungwa. Mwadui ina umri wa zaidi ya miaka themanini, na sheria inautaka kila mgodi uwe na mpango wa kufunga. Halmashauri ya Kishapu inaweza kudai leo kwamba mpango huo uwe na orodha ya majengo: lipi linabaki, nani atalimiliki, ukarabati utalipiwa na ushuru upi, na vijiji vilivyofunikwa na tope vipewe viti vya kwanza katika kikao kitakachoiandika. Geita, orodha hiyo ianze na kupima nyufa.