Endometriosisi katika Ujauzito na Baada ya Kuzaa

Endometriosisi ni maradhi ambayo chembe zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, aghalabu kwenye ovari, mirija ya uzazi na nyama za nyonga, zikaleta uvimbe, makovu na maumivu makali, hasa siku za hedhi. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, humpata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Itikadi kwamba mimba ndiyo dawa yake haikuwa ya bibi na makungwi peke yao, kwani katika miaka ya 1940 tabibu Joe Vincent Meigs wa Boston, Marekani, alihimiza ndoa na uzazi wa mapema kuwa kinga. Ni kweli kwamba mwanamke akishika mimba hedhi hukatika na homoni ya projesteroni hupanda, hata wengi wakapata afueni. Lakini wapo ambao maumivu huwazidi miezi ya mwanzo, mji wa mimba unapotanuka na kuyavuta makovu yaliyogandisha viungo. Kadhalika hatari ya kondo kuziba mlango wa kizazi, na ya mtoto kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, huwa kubwa zaidi kwa wajawazito wenye maradhi haya. Na kwa nadra sana damu humwagika tumboni ghafla, jambo lisilongoja kesho.

Baada ya kuzaa, mama anyonyeshaye mfululizo aweza kukaa miezi mingi bila hedhi, akadhani amepona, illa hedhi irudipo huenda adha ikarudi nayo. Aliyezaa kwa upasuaji huenda akapapasa penye mshono kivimbe kigumu, kinachouma na kujaa kila mwezi, kwa kuwa chembe zilijipandikiza kovuni. Tiba yake kwa kawaida ni kukikata. Anyonyeshaye aweza kutuliza maradhi kwa vidonge vya projestini pekee.

Kwa hiyo neno "ukizaa yataisha," waambiwalo mabinti wengi, si tiba, tena humwelemea maradufu yule ambaye maradhi hayohayo yamemzuilia mimba. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia unawakataza matabibu kushauri mimba kwa muradi wa kutibu tu. Mama asemaye angali anaumwa, ijapokuwa amejaliwa mtoto, asihesabiwe mkosefu wa shukrani. Asadikiwe, apimwe, atibiwe.