Kalamu na Bunduki Kurasini: Wanafunzi wa Msumbiji Dar es Salaam, 1963–1968

Historia ya mafunzo ya kijeshi ya vyama vya ukombozi nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kupitia kambi za mbali, hasa Kongwa mkoani Dodoma na Nachingwea kusini mwa nchi, ambako wapiganaji walifundishwa kwata, shabaha na mbinu za vita vya msituni kabla ya kuvuka mto Ruvuma. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanakiacha kando kitongoji cha Kurasini, kilicho kusini mwa bandari ya Dar es Salaam katika eneo ambalo baadaye lilikuwa sehemu ya wilaya ya Temeke, ambako swali la nani hasa anapaswa kwenda vitani lilibishaniwa kwa ukali uliofikia kuifunga shule nzima.

Chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, chini ya urais wa Eduardo Mondlane, msomi mwenye shahada ya udaktari wa falsafa aliyekuwa amefundisha chuo kikuu nchini Marekani. Mwaka uliofuata, mkewe, Janet Mondlane, alianza kuongoza Taasisi ya Msumbiji huko Kurasini, ambayo ilikuwa bweni na shule ya vijana waliotoroka utawala wa Wareno, na ambayo baadaye ilitoa pia mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi. Fedha za mwanzo zilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani, lakini Ureno, iliyokuwa mwanachama mwenza wa Marekani katika jumuiya ya kijeshi ya NATO, ilipolalamika, msaada huo haukuendelezwa, na mzigo ukachukuliwa kwa sehemu kubwa na nchi za Skandinavia na mashirika ya kikanisa. Wafadhili hao waliambiwa, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, kwamba wanasaidia elimu na wala si vita. Hata hivyo, makundi ya kwanza ya wapiganaji yalikuwa yamekwisha kupelekwa Algeria mwaka 1963, Samora Machel akiwa miongoni mwao, na risasi za kwanza zilipigwa huko Chai, jimboni Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, hivi kwamba tangu hapo shule na jeshi vilikuwa vikigombea vijana walewale.

Jambo lililouzidisha ugomvi huo ni kuwapo, katika kitongoji hichohicho, kwa shule nyingine ya wakimbizi wa kusini mwa Afrika iliyoendeshwa na African-American Institute, ambayo ilifundisha kwa Kiingereza na kufungua njia ya ufadhili wa masomo ng'ambo. Kijana wa Msumbiji aliyefika Kurasini aliona basi njia mbili mbele yake: moja ikielekea chuo kikuu cha Marekani au Ulaya, na nyingine ikielekea Nachingwea. Si haki kumlaumu aliyeitamani ile ya kwanza, kwa kuwa chini ya Wareno idadi kubwa mno ya Waafrika walinyimwa hata elimu ya msingi, na wachache waliokubaliwa kuwa asimilado, yaani Waafrika waliotambuliwa kisheria kuwa wamestaarabika kwa kipimo cha mkoloni, ndio waliokaribia sekondari. Lakini hoja ya chama nayo ilikuwa na uzito, kwa sababu wapiganaji wengi wa mwanzo walikuwa wakulima wa kaskazini, hasa Wamakonde, na haikuwa rahisi kumweleza mkulima huyo kwa nini afe yeye ili mwenzake apate digrii.

Mwezi Oktoba 1966 suala hilo lilijitokeza mara mbili katika mji mmoja, kwa watu tofauti. Kamati Kuu ya FRELIMO, katika kikao chake cha mwezi huo, ilikataa kuwapo kwa mpaka kati ya kazi ya siasa na kazi ya jeshi, msimamo ambao ulimaanisha kwamba mwanafunzi pia anaweza kuitwa. Na tarehe 22 ya mwezi huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu, kilichokuwa mlimani upande wa magharibi wa mji, katika eneo lililokuja kuwa la Kinondoni, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya malezi na kazi za vijana. Kilichowaudhi zaidi ni sharti la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400 na kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Mondlane hakuwa na dola, polisi wala mishahara ya kupunguza; alichokuwa nacho ni hoja, na mwishoni mwa 1967 aliandika waraka wa kuwajibu wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa ng'ambo, ambao kupitia umoja wao, UNEMO, walikataa kukatiza masomo ili warudi vitani. Kwamba mwandishi wa waraka huo alikuwa amekwisha kujipatia shahada ya juu kabisa huko huko Marekani ni jambo lililoudhoofisha mbele ya wasomaji wake, hata kama hoja zake zilikuwa sahihi.

Huko Kurasini sauti ya upinzani ilikuwa ya Mateus Gwenjere, padri Mkatoliki kutoka katikati ya Msumbiji aliyefika Dar es Salaam mwaka 1967 na kupata haraka wafuasi katika mabweni. Aliwaunga mkono wanafunzi waliodai haki ya kuendelea na masomo, na pamoja nao akawashambulia walimu weupe wa Taasisi, watu wenye asili ya Kireno waliojitoa kwa hiari kukitumikia chama, akiwamo daktari Hélder Martins na Jacinto Veloso, rubani aliyekuwa amelikimbia jeshi la anga la Ureno. Mwanzoni mwa Machi 1968 viongozi wa chama, Samora akiwamo, waliingia usiku katika mabweni ili kurudisha nidhamu, vurugu zikazuka, wanafunzi wakatawanyika na Taasisi ikafungwa. Wengi wao walikimbilia Kenya. Mwezi Mei ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa na mwanachama mmoja, Mateus Muthemba, akauawa, na katika mwezi huo serikali ya Tanzania ikawaondoa nchini walimu weupe, hatua ambayo kwa namna fulani iliwapa wanafunzi walichokidai baada ya shule yao kutoweka. Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya Oyster Bay, Kinondoni.

Baadhi ya waandishi wameuona mgogoro huo kuwa mwanzo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoikumba Msumbiji kuanzia 1977 hadi 1992 kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO. Dai hilo limezidi kiasi, kwa kuwa RENAMO iliundwa kwa msaada wa idara ya ujasusi ya Rhodesia, na mabweni ya Kurasini hayana sehemu katika asili hiyo. Kilicho cha kweli ni kwamba baada ya 1968 chama kilizoea kumhesabu mwenye rai tofauti kuwa msaliti, na mazoea hayo yaliingia nacho madarakani mwaka 1975. Gwenjere ni miongoni mwa wapinzani waliokamatwa baada ya uhuru na kuuawa bila kufikishwa mahakamani.

Tanzania nayo ilikuwa na sababu zake za kutafakari uhusiano wa shule na bunduki, kwani maasi ya askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, yaliyotokea Januari 1964, yalikuwa yameonyesha hatari ya jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza. Jeshi jipya la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, liliundwa Septemba mwaka huo kwa kuwachukua vijana wenye imani na chama tawala cha TANU, na mwaka 1969, Kurasini hukohuko, ilianzishwa shule ya viongozi ambayo ndiyo asili ya chuo cha sasa cha maafisa wanafunzi, yaani vijana wanaoandaliwa kupewa kamisheni, ambao hutofautishwa na kuruta wa kawaida. Chuo hicho kilihamia Monduli mwaka 1976, na miaka miwili baadaye Tanzania na Msumbiji zilianzisha kwa pamoja, papo hapo Kurasini, kituo cha kufundishia wanadiplomasia wa nchi hizo mbili.