Jina la Nyumbani, Makao ya Ugenini

Mtu atakaye leo kufungua tovuti mpya hana budi kupata mambo mawili, jina na makao. Na kwa kuwa aghalabu mwuzaji humpa yote mawili katika stakabadhi moja, huwa rahisi kudhani kwamba ni jambo moja, ilhali tarehe yake inashuhudia kwamba mawili hayo yalizaliwa mbalimbali, na katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki la kwanza lilitangulia la pili kwa miaka mingi.

Zamani za mtandao wa ARPANET, mashine zilipokuwa chache, majina yote yaliandikwa katika daftari moja lililotunzwa Menlo Park, California, na Bibi Elizabeth Feinler na wasaidizi wake. Aliyetaka jina alipeleka ombi huko, na kila mashine ikachukua nakala. Mashine zilipozidi, nakala zikawa zinapitwa na wakati kabla hazijasambaa, hata mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kuligawa daftari lile, kila tawi la majina likapewa mwangalizi wake, asiyewajibika ila kwa yaliyo chini yake. Nami naona hikima hii haijasifiwa kwa kadiri inavyostahili, maana utaratibu uliotungwa zama za mashine mamia unabeba leo majina mamia ya milioni, na msingi wake ni ule ule.

Jon Postel, aliyeshika dhamana ya kugawa matawi, alikataa kuwa kadhi wa kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi, akachukua herufi mbilimbili zilizokwisha kuandikwa katika orodha ya kimataifa ya ISO. Ndivyo Kenya ilivyopata .ke mwaka 1993, na Tanzania .tz mwaka 1995. Mwaka huo wa 1995 majina ya .com, yaliyokuwa yakitolewa bure, yalianza kutozwa ijara ya dola 50 kwa mwaka, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba jina hukodiwa, wala si milki: aachaye kulipa hulipoteza, na mwingine hulitwaa kwa haki.

Makao yalichelewa. Jina lilikuwa la Nairobi au Dar es Salaam, lakini kurasa zenyewe aghalabu zilikaa katika seva za Marekani na Ulaya, kwa sababu njia yetu ya kutokea ilikuwa setilaiti, yenye gharama kubwa na mwendo wa pole. Hata barua pepe baina ya afisi mbili za Nairobi, zikiwa na watoa huduma mbalimbali, ilivuka bahari kwanza ndipo irudi. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kikafungwa baada ya majuma machache kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya nje. Kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kisha mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, ile ya kwanza ikafika na Dar es Salaam, na kuweka seva nchini kukawa jambo la maana.

Unafuu wa makao nao una asili yake. Hapo mwanzo kivinjari hakikuitajia seva jina la tovuti iliyotakiwa, basi kila tovuti ilihitaji namba yake ya anwani, ile ambayo jina huielekezea. Kanuni ya HTTP/1.1, iliyotangazwa mwaka 1997, iliondoa dhiki hiyo, na tovuti nyingi zikaweza kukaa katika seva moja kama wapangaji wa vyumba katika nyumba moja, kwa kodi ndogo, lakini jirani mmoja akizidisha matumizi wote hupungukiwa. Mwenye wageni wengi hukodi sehemu iliyotengwa kwa programu, au mashine nzima. Kwa mwenye kuanza, chumba chatosha.

Na kwa kuwa jina halikufungwa na makao, mwenye tovuti aliyetaka kuhama kutoka seva ya ng'ambo kuja Nairobi alibadilisha namba tu katika kumbukumbu za jina, na kwa siku moja au mbili wasomaji wote wakafikishwa mahali papya, wasijue kwamba pamehamwa. Sharti ni kwamba jina liwe limeandikishwa kwa jina lake mwenyewe, si la fundi aliyemjengea tovuti.