Vumbi la Count Dracula (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Kiangazi cha 1890, Bram Stoker, meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum jijini London, yuko mapumzikoni Whitby, mji wa wavuvi kaskazini mashariki mwa Uingereza. Daftarini mwake mnyonya damu wa riwaya anayoiandaa bado anaitwa Count Wampyr, jina lisilomtisha hata mtoto. Akiwa maktaba ya mji anafungua kitabu cha William Wilkinson kuhusu Wallachia na Moldavia, na humo anakutana na jina Dracula.

SASA ENDELEA...

Wampyr akafutwa. Wengi watakwambia Dracula ni Vlad III, yule mtawala aliyewatundika maadui zake kwenye miti. Tusidanganyane: katika madaftari ya Stoker, jina la Vlad halimo.

Kilichomo ni meli. Mlinzi wa pwani alimpa habari za Dmitry, merikebu ya Kirusi kutoka Narva iliyotupwa ufukweni hapo Whitby na dhoruba ya Oktoba 1885, ikiwa na shehena ya mchanga. Riwayani ikawa Demeter, kutoka Varna. Mchanga ukabaki uleule. Stoker akaongeza masanduku ya udongo, nahodha maiti aliyefungwa kwenye usukani, na mbwa mkubwa anayeruka nchi kavu na kutokomea gizani.

Sasa mtu makini kiasi hicho, aliyekumbuka hata mchanga, anawezaje kusahau kanuni zake mwenyewe? Lucy, msichana wa riwayani, alipogeuka mnyonya damu, wawindaji walimpigilia kigingi moyoni, wakamkata kichwa, wakamjaza vitunguu saumu kinywani. Kwa bwana mwenyewe, Dracula, hakuna kigingi wala kitunguu. Wawindaji wawili wanammaliza: Jonathan Harker anampitisha kisu cha Kigurkha shingoni, Quincey Morris anamchoma chake moyoni, na mwili unageuka vumbi. Basi, kwisha habari yake.

Kwisha kweli? Van Helsing, kiongozi wa wawindaji hao, alishawaonya kwamba Count huweza kusafiri kama vumbi juu ya miale ya mwezi, na kwamba jua linapozama hurudiwa na uwezo wa kujigeuza. Visu vile vilishuka jua likiwa linazama.

Riwaya ilitoka 1897 na mwisho huohuo, kasri la Dracula likiwa limesimama wima juu ya mlima. Stoker akafa 1912. Kisha, miaka ya 1980, ghala moja la shambani huko Pennsylvania, Marekani, likatoa nakala ya riwaya iliyopigwa taipu. Kwenye ukurasa wa jina, neno Dracula halikuwepo. Na huko mwishoni, baada ya kifo cha Count, palikuwa na aya ambayo wasomaji wa 1897 hawakuiona.

Ndani ya aya hiyo, Harker na wenzake wanainua macho kulitazama kasri. Ghafla ardhi inatikisika, wanaanguka magoti, na kule juu mlima unaanza kupasuka...

ITAENDELEA WIKI IJAYO